Winchi Iliyokataa Upepo

Pontien alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi kwenye njia ya ng'ombe inayoshuka ziwani, na kabla chai haijachemka majumbani kijiji cha Itunya kilikuwa kimeshapata muuaji. Hakuna aliyejisumbua kuuliza swali. Kando ya maiti kulikuwa na fimbo. Fimbo ilikuwa ya Nyanda, mfugaji wa Kisukuma aliyegombana na marehemu Jumamosi kwa sababu ng'ombe wake waliingia kwenye muhogo. Basi, kesi imekwisha. Walimfuata bomani kwake wakampiga mpaka jicho moja likafumba, wakachoma nyumba zake, na wale wachache waliobaki na haya usoni ndio waliopiga simu polisi.

Sajenti Kabula Malale wa upelelezi alifika saa sita mchana akitokea Mpanda, vumbi la barabara ya Kasekese likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hasira za karibu, na wenzake kituoni walimtania kwamba huamka amenuna ili asipate shida ya kununa baadaye. Siku ile hakuhitaji kujilazimisha. Alipita kwanza penye boma la Nyanda, akaona majivu yakifuka na mama mmoja akiokota sufuria lililopinda. Alisimama pale akiuma meno, kisha akaenda kuiona maiti.

Daktari wa kituo cha afya alifunua shuka. Upande wa kichwa ulikuwa umebonyea.

"Fimbo inaweza kufanya hivi?" Kabula aliuliza.

"Fimbo inapasua, afande. Hii imebonyeza kichwa na bega kwa pamoja, kitu kizito kimetoka juu. Na tazama hapa." Daktari alipitisha pamba kwenye jeraha, ikatoka na unga wa rangi ya kahawia. "Kutu. Na huku kuna vumbi la saruji."

Kwenye njia ya ng'ombe Kabula hakuona damu ya kutosha kuchafua kiganja. Mtu aliyepasuliwa kichwa pale angeacha dimbwi. Aliona alama ya gurudumu moja jembamba kwenye mchanga, ikitokea upande wa uzio wa mabati, na juu ya uzio huo zilisimama winchi saba, ndefu, za rangi ya njano, zimenyamaza.

Huo ulikuwa mji wa mapumziko, au ndivyo ulivyotangazwa. Hoteli za ufukweni, mabwawa ya kuogelea, uwanja wa ndege ndogo. Wanakijiji, wengi wao familia zilizotoka Burundi zamani na kupewa uraia, walikuwa wametoa mashamba yao ya bondeni kwa mkataba wenye kipengele kimoja cha kuwalinda: ujenzi ukisimama mwaka mzima, ardhi inarudi. Kila kiangazi kamati ilitoka Mpanda kukagua. Wakubwa walisimama kwenye jabali lililo juu ya kijiji, wakahesabu winchi, wakasema saba, ujenzi unaendelea, wakala samaki, wakaondoka. Safari hii kamati ilikuwa inakuja Jumatano.

Nyanda alikuwa amewekwa mahabusu kwenye kituo kidogo cha polisi cha kata. Kabula alimkuta ameegemea ukuta.

"Mwangaluka, baba," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa ilikuwa mchana. Ndiyo salamu ya kwanza iliyomjia.

Mzee alimtazama kwa jicho moja. "Umekuja kunipiga na wewe?"

"Nimekuja kuuliza. Fimbo ni yako?"

"Yangu. Lakini tangu Jumamosi sikuwa nayo. Tulipogombana na Pontien, waliokuja kuamua waliniondolea mkononi. Sikuifuata. Niliona aibu, mtu mzima kunyang'anywa fimbo."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nanywesha ng'ombe. Watu wametoka kanisani, wako majumbani. Nikasikia jenereta ya pale kwenye majengo inanguruma, saa tisa hivi. Nikasema hawa nao, hata Jumapili."

"Uliwaambia waliokukamata?"

"Mwanangu, nyie polisi mnajua kundi la watu likiwa na hasira linasikia nini?"

Kabula alitoka nje, akampigia mkuu wake Mpanda. Mkuu alimsikiliza nusu tu. Fimbo ipo, ugomvi upo, alisema, keshokutwa mtuhumiwa anafikishwa mahakamani kwa mauaji, na kijiji kitulie kabla kamati haijafika. Kabula alikata simu akiwa ametaja jina la mama wa mtu kimoyomoyo.

Msibani, saa kumi jioni, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Emelyne, mjane wa marehemu, alikuwa mwanamke mrefu aliyelia mpaka sauti ikakauka. Alimpeleka Kabula nyuma ya jiko ili waongee bila masikio ya watu.

"Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya ardhi," alisema. "Alikuwa anahesabu winchi. Lakini si kama wale wa Mpanda. Wao wanahesabu zilizosimama. Yeye kila Jumapili baada ya ibada anapanda jabalini, anatazama mizigo chini ya kila winchi kama imehama tangu wiki iliyopita. Aliniambia, Emelyne, tangu mvua zilizopita hakuna hata moja iliyoinua kitu. Vyuma vinaota kutu palepale. Jumatano alitaka kuwaambia wakubwa mbele ya watu wote."

"Nani alijua?"

"Kijiji kizima. Pontien hakuwa mtu wa kunong'ona."

"Na kwenye kampuni una mtu unayemfahamu?"

Uso wa Emelyne ulilegea kidogo kwa mara ya kwanza. "Mdogo wangu, Nestori. Ndiye fomani pale, ndiye aliyewatangulia watu bomani asubuhi, ndiye anayetubeba sasa hivi na msiba huu. Huyo ni fundi, afande. Zamani alikuwa kwenye karakana ya mgodi, anaendesha winchi ya ndani, anainua injini nzima ya lori. Hata Jumamosi yeye ndiye aliyewaamua Pontien na yule Msukuma."

Nestori mwenyewe alikuja akipangusa mikono, mwanaume wa makamo, shati jeupe, macho mekundu. Alimkata Kabula jicho.

"Afande, watu wanauliza kwa nini unazunguka. Muuaji si yuko ndani?"

"Kuzunguka ndiyo kazi yangu. Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Kanisani asubuhi. Kisha nyumbani, nililala. Saiti ilifungwa."

"Winchi zinaendeshwa na nani?"

"Mimi ni fomani wa zege. Vitu vya juu muulize Martin, ndiye dereva. Mimi sijui hata ngazi yake ina hatua ngapi." Halafu akainua sauti ili mikekani wasikie. "Lakini tunaelewa! Unamtetea kwa sababu ni Msukuma mwenzako. Sisi tumekuja nchi hii na nguo za mgongoni, tukifa tunazikwa tu, hatuulizwi!"

Mikekani kulizuka manung'uniko. Kabula alitaka kumjibu kwamba baba yake mwenyewe alihama na ng'ombe kutoka kaskazini na kufukuzwa vijiji vitatu kabla ya kupata pa kukaa. Alimeza. Hakuja kushindana machungu.

Jumanne asubuhi alipanda jabalini peke yake. Upepo ulikuwa unashuka milimani kwenda ziwani, na mikono mirefu ya winchi ilielekea ziwani, yote, isipokuwa ule wa winchi iliyoandikwa 3. Huo ulielekea kaskazini, kwenye rundo la nondo. Kabula alidhani hayo ni mambo ya ujenzi, hayamhusu. Alichokitazama ni chini ya winchi, na alichokiona kilimkera. Majani yalikuwa yameota katikati ya matofali. Misingi ilikuwa imejaa maji ya kijani na vyura. Kuta zilizotakiwa kuwa hoteli zilifika kiunoni, zikaishia hapo. Kwa ajili ya hicho watu walikuwa wameng'olewa kwenye mashamba yao ya mpunga.

Pontien alizikwa saa saba mchana. Nestori ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Alisema vizuri mno. Alimwita marehemu muramu wangu, shemeji yangu, akasema alimwosha kwa mikono yake na kumvisha suti yake mwenyewe, na kwamba damu hii isilale. Watu walilia. Kabula alikuwa amesimama nyuma, na wakati huo upepo ukageuka. Ulianza kutoka ziwani, wa baridi, ukapeperusha vitenge vya wanawake. Kule juu ya uzio winchi zikaanza kuzunguka taratibu, moja baada ya nyingine, kama ng'ombe wanaogeukia njia ya nyumbani, mpaka mikono yote ikaelekea milimani. Namba tatu haikusogea hata kidogo.

Kabula hakusubiri maua. Alimkuta Martin ndani ya kibanda cha walinzi, kijana mwembamba wa Mpanda, amekwishajua kwamba zamu yake ya kuhojiwa imefika.

"Madereva wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani, afande? Niko peke yangu."

"Winchi saba, dereva mmoja?"

Martin alicheka bila furaha. "Nashukuru mtu ameuliza. Kila wakubwa wakija napanda hii, naizungusha, nashuka, napanda ile. Wakiondoka tunalala. Wenye kampuni wamesema winchi zikae juu tu mpaka hati iwe ya kudumu, baadaye wauze ufukwe mzima."

"Kwa nini hizo zinazunguka zenyewe?"

"Zinatakiwa. Ukimaliza kazi unaachia breki ya kuzungukia, upepo ukija mkono unaufuata. Ukiibana, upepo mkali unaweza kuangusha mnara wote. Ndilo somo la kwanza kabisa."

"Namba tatu je?"

Martin alichungulia nje. Kabula alimwona akikunja uso, na mshangao ule haukuwa wa kuigiza. "Imebanwa! Nani kaibana? Ijumaa niliziachia zote."

"Ufunguo wa vyumba vya juu?"

"Uko ofisini. Ofisi tunafungua mimi na fomani. Meneja yuko Dar, hajaja tangu Pasaka."

Simu ya Kabula iliita. Mkuu wake alikuwa ameshasikia habari za kutu na saruji, na sasa alikuwa na wazo jipya: kama si mfugaji basi ni dereva wa winchi, amkamate huyo. Kwake mtuhumiwa alikuwa kama shati, hili likibana unavaa lingine. Kabula alimgeukia Martin.

"Jumapili saa tisa ulikuwa wapi?"

"Makanyagio, kule Mpanda mjini, kwa dada yangu. Bodaboda aliyenitoa stendi anaitwa Fabiani, namba yake hii hapa. Dada alinibebesha kuku, nikamkimbiza mtaa mzima baada ya kukata kamba. Waulize majirani, bado wananicheka."

Fabiani alithibitisha kwa simu, akacheka upya habari za kuku. Na hata bila kuku, Kabula aliwaza, mtu aliyeishi juu ya zile winchi asingesahau somo la kwanza. Aliyebana breki ile alikuwa anajua kuendesha. Alijua kuinua, kushusha, kuzungusha. Asichokijua ni upepo.

Alimtaka Martin waende naye chini ya ndoano ya namba tatu, wasiguse kitu. Palikuwa na mzigo wa nondo, mwekundu kwa kutu. Magugu yaliuzunguka, lakini chini yake yalikuwa yamelala, mabichi bado. Mzigo ulikuwa umeinuliwa na kurudishwa majuzi tu. Hatua chache pembeni palikuwa na mchanga msafi uliomwagwa mahali ambapo hapakuwa na sababu ya mchanga. Kabula alichimba kwa kijiti. Chini palikuwa peusi, na nzi walikuwa wameshapajua. Toroli lilikuwa limeegeshwa ukutani, limeoshwa, toroli pekee safi katika saiti nzima ya mji wa mapumziko.

Saa kumi na moja jioni alirudi msibani na askari wawili. Aliagiza pia Nyanda aletwe, akae kwenye gari palepale mbele ya nyumba. Watu walipomwona wakasimama.

"Kaeni chini!" Kabula alisema, na sauti ile haikuwa ya kuomba. "Mlimpiga bila kuuliza. Leo mtasikiliza bila kupiga."

Nestori alisogea mbele. "Afande, huu ni msiba. Una heshima kweli?"

"Nitaanza na heshima, basi. Pontien hakufia njiani. Alifia saitini, chini ya winchi namba tatu. Aliangukiwa na mzigo wa nondo, akabebwa kwa toroli. Jumapili saa tisa jenereta iliwashwa. Mzee huyu aliisikia, akasema, hakuna aliyetaka kumwelewa."

"Basi ni Martin! Si nilikwambia yeye ndiye dereva?"

"Martin alikuwa Makanyagio. Aliyepanda alipomaliza alibana breki. Dereva wa winchi za nje habani breki, anaiacha izunguke na upepo. Tangu Jumapili namba tatu imekataa kuzunguka. Wote mlikuwa makaburini, mmeiona."

"Mimi nitajuaje? Labda ni mbovu."

Emelyne aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. Aliongea kwa sauti yake iliyokauka, akitaka kumsaidia mdogo wake kama alivyomsaidia maisha yote.

"Nestori, waeleze. Wewe si unazijua? Si ulikuwa unatusimulia, kule karakana mtu akiacha mashine bila kubana breki anafukuzwa siku hiyohiyo, kwamba wewe miaka yote hujawahi hata mara moja..."

Akanyamaza. Emelyne alikuwa bado anamtazama, mdomo wazi, na Kabula akaona sentensi ile ikimrudia mwenyewe.

"Karakana ina paa," Kabula alisema taratibu. "Ndani hakuna upepo. Ukibana, umefanya vizuri. Uliniambia hujui ngazi ina hatua ngapi, Nestori. Ulibana breki kwa sababu ulifundishwa kuwa fundi mwangalifu."

"Dada, usimsikilize."

"Jumamosi wewe ndiye uliyewaamua," Emelyne alisema. "Ulikuja nyumbani na fimbo ya huyu mzee. Uliiegemeza hapo, mlangoni. Jumapili jioni, Pontien bado hajarudi, ulikuja ukaondoka nayo, ukasema unamrudishia."

Nestori alitazama huku na huku. Hakuna aliyempisha. Watu walewale aliowaongoza kwenda bomani kwa Nyanda walikuwa wamesogea, na safari hii walikuwa wakimtazama yeye.

"Nilipanda kupanga mizigo," alisema mwishowe. "Ili Jumatano winchi zionekane zimebeba. Tu! Yeye alikuwa jabalini, akaniona, akashuka. Akasimama chini ananipigia kelele, kwamba atawaambia, kwamba mimi ndiye niliyewashawishi nyie mtoe mashamba, kwamba nimeuza ndugu zangu. Mimi! Si niliwatafutia kazi? Nani katika nyie hakula kupitia mimi? Ujenzi ukifa, nitaitwa nani hapa? Nilitaka kumtisha. Niliushusha mzigo haraka, nikajua atakimbia."

"Kumwangushia mzigo unasema ulitaka kumtisha," Kabula alisema. "Haya, mahakama itapima. Fimbo je? Ulirudi nyumbani ukaichukua, ukaenda kuiweka kando ya maiti. Hiyo ulimtisha nani? Asubuhi ukawaongoza watu kuchoma nyumba ya mtu uliyejua hajafanya kitu. Hapo hasira zilikuwa za nani?"

Askari walimfunga Nestori pingu.

Emelyne alisimama. Alimwendea, na watu wakadhani atampiga, wengine walitamani. Hakumpiga. Alishika shati lake jeupe kwa mikono miwili.

"Ulimwosha," alisema. "Nilikushukuru. Nilikupigia magoti, Nestori, nikakushukuru kwa kumwosha mume wangu."

"Dada, nisamehe. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Usiseme yetu."

Akamwachia. Akatembea mpaka kwenye gari alimokaa Nyanda, akasimama dirishani. Jana alikuwa amemtemea mate mzee huyu mbele ya watoto wake. Alifungua mdomo, lakini Nyanda aliinua mkono.

"Usiniombe msamaha leo, mama," Nyanda alisema. "Leo nina hasira, nitaukataa. Nyumba yangu ni majivu na mke wangu amelala nje. Niambie tu nani kati ya hawa ataijenga."

Emelyne aligeuka akawatazama watu wa Itunya. Walitazama chini, wanaume wazima, majirani waliotoka makaburini wakimlilia mumewe. Alingoja. Hakuna aliyesogea. Basi akaenda nyuma ya jiko akarudi na panga la kukatia nyasi na kamba, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akashika njia ya bomani kwa Nyanda peke yake.

Kabula alizima injini ya gari, akamsaidia mzee kushuka, wakamfuata kwa mwendo wake wa kuchechemea. Walipofika kwenye kona ya muhogo ndipo waliposikia nyuma yao hatua za wengine, chache, zikija bila maneno.